Wacha kunionyesha mabawa, nionyeshe tangi

Wasee, tuambiane ukweli. Kila baada ya muda inasambaa vidio ya kijana fulani mashinani ametengeneza ndege na injini ya pikipiki ama ya gari. Na sisi? Makofi, bendera, "serikali imsaidie huyu!" Kamera inazunguka mabawa, propela, kiti. Hakuna hata mmoja anauliza: hapo mpira wa mafuta unaingia kwa tangi, umeziba na nini?

Mimi nauliza, juu hako kaungo kadogo ndiko kanaweza kumuua.

Wakenya sisi ni mabingwa wa kuziba. Tangi la matatu likitoboka, fundi anapaka sabuni ya kipande, gari linarudi barabarani. Sawa. Matatu ikizima unashuka, unadai nauli yako. Ndege ikizima futi 500 juu ya shamba la mahindi, unashukia wapi?

Kosa la kwanza ni ile tepu nyeupe ya plamba. Kwa bomba la maji ni poa. Kwa mafuta ya ndege, ukikaza tu, vipande vinakatika, vinaelea mpaka kwa filta ama kwa kitundu cha karbureta. Injini inakufa njaa na tangi limejaa!

Kosa la pili ni silikoni ya gasketi. Silikoni ya kawaida ikilala kwa petroli inavimba, inalegea, inabanduka. Leo haivuji, baadaye inavuja. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini kwa miguu yako, karibu na nyaya za betri.

Dawa si siri. Marekani, watu wanaojijengea ndege za Van's RV hufunga tangi na silanti ya polisalfaidi, ile ya kuchanganya vitu viwili. Kiungo chenye thredi inayochongoka kinapakwa silanti isiyoyeyuka kwa petroli, na thredi ya kwanza inaachwa kavu ili uchafu usiingie ndani. Kile cha mdomo uliopanuliwa digrii 37 hakipakwi kitu mdomoni, chuma kinabana chuma.

Halafu unapima. Ziba matundu yote, funga puto kwa moja, tia hewa kidogo tu. Kompresa ya gereji itakupasulia tangi. Paka maji ya sabuni kwa kila kiungo. Povu likichemka, hapo panavuja. Hiyo ndiyo kazi ya sabuni, si kuziba.

Najua mtasema naua ndoto za vijana, ati hata ndugu wawili wa Wright walikuwa mafundi wa baiskeli. Kweli kabisa. Lakini kabla ya kuruka 1903, mwaka wa 1901 walijenga sanduku la kupulizia upepo, wakapima vijibawa zaidi ya 100. Sisi tunataka hadithi ya baiskeli bila vipimo.

Anayeua ndoto ni yule anashangilia ndege ambayo hata yeye hawezi kupanda.

Kwa hivyo vidio ijayo ikikufikia, kabla ya kushea, andika swali moja: "Tangi umelipima?" Kama silanti ni bei, tumchangie hiyo. Kama hajapima, mwambie asiwashe.

Makofi hayazibi tangi.