Mapacha, au Maji?

Yale mambo ya wivu na esemesi za usiku niliyokuahidi tutayarudia toleo lijalo. Leo nataka tuongelee tumbo la mdogo wangu.

Mdogo wangu ni mwalimu, ameolewa Rugera, kule Karagwe. Nilipokwenda kumsalimia mwaka jana mimba ilikuwa ya miezi saba, lakini alipotokea mlangoni nilidhani atajifungua usiku ule ule. Ngozi ya tumbo inang'aa, akilala chali anatweta. Mama mkwe wake alishatoa hukumu: mapacha. Shemeji naye, kwa furaha, kanunua nguo za watoto jozi mbili mbili. Jirani mmoja akanivuta pembeni: "Anakunywa maji mno huyu, mwambie apunguze."

Nikaomba kadi ya kliniki. Hapo ndipo nilipochoka. Mahudhurio mawili mfululizo, kimo cha mimba hakikuandikwa! Na kipimo chenyewe ni futi kamba tu, kama ya fundi cherehani. Kuanzia wiki ya 20 hivi, sentimita toka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi hukaribiana na idadi ya wiki. Zikipishana kwa zaidi ya 3, lazima mtu aulize kulikoni.

Kesho yake tukaenda Hospitali ya Nyakahanga, wote watatu. (Shemeji alitaka kubaki na kahawa yake shambani, nikakataa katakata.) Wiki 30, sentimita 37. Altrasaundi ikaonyesha mtoto mmoja tu, anaogelea kwa raha zake. Kilichozidi ni maji ya uzazi. Tumbo hugawanywa sehemu nne, kina cha maji kinapimwa kila sehemu, kisha wanajumlisha. Ikifika sentimita 25, ni mengi. Yake ilikuwa 31.

Na jirani alikosea. Maji yale, hasa miezi ya mwisho, kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Anakojoa, anameza, anakojoa tena. Usikunje uso, hata wewe uliyanywa! Sasa akikojoa kupita kiasi, au akashindwa kumeza, yanajaa. Sukari ya mama ikipanda, mtoto hukojoa sana. Mwenye njia ya chakula iliyoziba, au kasoro ya ubongo, hamezi vizuri. Mapacha wanaochangia kondo moja wamo, kaswende imo, na mara nyingi sababu haipatikani kabisa. Mdogo wangu alikutwa na kisukari cha mimba. Hakuna aliyewahi kumpima sukari.

Akapewa dawa, sahani ya ndizi ikapunguzwa (kwa Mnyambo hiyo si adhabu ndogo), soda zikafutwa. Daktari hakutuficha: uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati, na chupa ikipasuka kwa kishindo, kitovu kinaweza kutangulia mtoto na kubanwa, hewa ikakatika. Ikitokea nyumbani, alale kwa ubavu, makalio yainuliwe kwa mito, atafutwe gari hapo hapo. Siyo pikipiki. Kujifungulia zahanati pia alikataa, kwa sababu mfuko uliovutika sana huchelewa kujikaza baada ya mtoto kutoka, na mama anavuja damu.

Alivuja kweli. Nilikuwa koridoni nikiona manesi wanakimbia, na shemeji ameinamisha kichwa, plasta bado mkononi. Wiki moja kabla yeye na binamu zake wawili walikuwa wametoa damu. Chupa mbili zilitumika usiku ule.

Mtoto wa kike, kilo 4.1, sauti kama ya mnadani. Zile nguo za pacha wa pili shemeji kagoma kuzigawa, anasema siku zitakuja tu. Mdogo wangu kamjibu sawa, ila safari hii kadi ya kliniki ataisoma yeye kwanza.