Zawadi Siyo Mizani ya Ushindani

Makala iliyochapishwa hivi karibuni inadai kwamba vijana wa Eldoret wanaoshindana mbio kila asubuhi bila tuzo wanapoteza nguvu bure, na kwamba marafiki hawawezi kushindana kwa dhati. Nakataa hoja zote mbili.

Nenda Iten, mji jirani wa Eldoret, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Utakuta kundi kubwa la wakimbiaji kwenye barabara ya vumbi, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari: dakika moja kasi, dakika moja taratibu, kupanda na kushuka. Bingwa yumo, na kijana asiye na wakala wala mkataba yumo pia. Hakuna medali. Lakini kijana akiweza kumfuata bingwa hadi mlima wa mwisho, wenzake watalizungumzia jambo hilo wiki nzima, na Alhamisi ijayo watamkaba zaidi. Kocha gani angeweza kuununua msukumo huo?

Ama urafiki kulegeza ushindani, mwandishi aitazame Vienna, Oktoba 12, 2019. Mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge, aliyejifua Kaptagat, karibu na Eldoret, pamoja na wenzake, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Wasindikizaji 41 walipokezana kumkinga upepo, baadhi yao wapinzani wake wa siku nyingine. Muda huo haukutambuliwa kuwa rekodi rasmi, na bado dunia ilishangilia.

Wanaokimbia bila malipo ndio udongo wanakoota mabingwa. Wahariri, wapeni nafasi kurasani kabla hawajashinda chochote.