Uzee Si Jina la Ugonjwa

Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha vali ndogo inayopachikwa mapafuni bila kupasua kifua. Daktari huipitisha kwa mrija kupitia mdomoni hadi kwenye njia ya hewa ya sehemu ya pafu iliyoharibika. Vali huruhusu hewa kutoka na kuizuia kuingia. Sehemu hiyo husinyaa, na zilizo nzima hupata nafasi. Kwa mgonjwa wa emfisema kali, hiyo ni nafuu, ingawa haimponyi.

Nikilitaja jambo hili, hujibiwa: "Hayo ni ya Wazungu." Nakataa. Mapafu ya Mha hayana tofauti na ya Mmarekani. Sigara huharibu mapafu, na moshi wa kuni vilevile. Mama wa Kibondo aliyepikia mafiga matatu kwa miaka 40, akichemsha maharage katika jiko lisilo na dirisha, amevuta moshi maisha yake yote bila kuwasha hata sigara moja. Akikohoa, hupimwa makohozi kutafuta kifua kikuu. Vimelea visipoonekana, huambiwa ni uzee. Uzee si jina la ugonjwa.

Nakiri kwamba vali ni ghali, haimfai kila mgonjwa, na yaweza kusababisha hewa kuvuja kifuani. Lakini tazameni yanayoitangulia: kipimo cha pumzi, picha ya CT, dawa za kuvuta, mazoezi ya kupumua. Asiyepimwa pumzi hawezi hata kujulikana kama anaihitaji.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo ni jema. Ila mtungi wa gesi ukigawiwa mbele ya kamera, kisha kuujaza ukawa mzigo wa mama anayeokota kuni bure, atarudi kwenye mafiga. Na hata akiuepuka moshi leo, pafu lililokwisha kuharibika halirudi.

Basi, watumishi wa umma mnaonisoma: kila hospitali ya wilaya ipate spiromita na mtu aliyefunzwa kuitumia. Dawa za kuvuta ziingie katika kitita cha bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2023. Nanyi wanafunzi, wabaneni madiwani wenu kabla bajeti haijapita. Aliyeishiwa pumzi hawezi kupaza sauti; tumpazie sisi.