Imani Inayomeza Dawa

Mama mdogo aliacha vidonge vya presha siku ya Jumapili. Aliniambia mwenyewe, tumekaa barazani kwake hapa Gongoni, anachambua mchicha. "Mwanangu, anayemwamini Bwana huku anameza dawa ana mioyo miwili." Maneno hayo hayakuwa yake. Aliyasikia kwa mhubiri mmoja ambaye simtaji. Nikanyamaza, maana mkubwa habishiwi. Baada ya wiki sita alianguka uani. Leo mkono wake wa kushoto haushiki hata kikombe, na ule ukimya wangu bado unanisuta.

Kwa hiyo sasa nasema.

Mhubiri yule alijengea hoja yake juu ya Luka 18, habari ya mjane na kadhi dhalimu. Mjane alidumu, alisema, basi nasi tudumu, na kidonge ni dalili ya mashaka. Lakini isome habari hiyo. Mjane hakujifungia ndani akingoja hukumu imshukie. Alikwenda kwa kadhi kwa sababu hukumu ilikuwa mikononi mwa kadhi, na alirudi tena na tena. Aliomba kwa kinywa na kwa miguu. Mgonjwa anayerudi kliniki kila mwezi anafanana naye kuliko yule aliyetupa vidonge.

Anayetaka kuona imani iliyodumu asiende mbali. Njia ya zamani ya misafara ilipita hapa kwetu Unyanyembe, na watumwa wengi waliswagwa humo kwenda pwani. Mwaka 1888 Adrian Atiman alishika safari ya kutoka pwani kwenda bara. Alikuwa mtoto wa nchi ya mto Niger, aliyetekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, hadi Mapadri Weupe walipomkomboa kule Algeria. Alibatizwa mwaka 1882, akasomea uganga huko Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa katekista na alikuwa daktari. Alifundisha sala na alitibu vidonda, bila kuona kwamba kazi moja inaitukana nyingine. Alikaa palepale hadi alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67. Nani atathubutu kusema mtu yule alikuwa na mioyo miwili?

Najua nitajibiwa kwamba Mungu huponya bila dawa. Sikatai. Akitaka kuponya, kidonge hakiwezi kumzuia. Ninachokataa ni kumjaribu Mungu kwa mwili wa mtu mwingine. Tazama mafundisho haya yanavyojilinda: mgonjwa akipona, sifa ni za mhubiri, akizidiwa, kosa ni la mgonjwa, imani yake ilikuwa haba. Mhubiri hashindwi kamwe. Mama mdogo aliambiwa hivyo akiwa kitandani, mdomo umepinda, hawezi hata kujitetea. Mtu aliyefunga na kuomba maisha yake yote akaambiwa hakuamini vya kutosha! Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha.

Kudumu katika imani si kushindana na Mungu nani atachoka kwanza. Ni kuomba leo, usijibiwe, na kesho ukaomba tena huku ukifanya lililo mikononi mwako.

Mama mdogo hakuacha kusali. Kila asubuhi anafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kulia, kisha kwa mkono huohuo anachukua kidonge na kukimeza. Mkono wa kushoto haujarudi, naye anauombea kila siku. Kama kuna aliyedumu katika habari hii, ni yeye.

Nawe ukimsikia jirani anasema ameacha dawa kwa ajili ya imani, usinyamaze kwa heshima kama nilivyonyamaza mimi. Msindikize kliniki. Mnaweza kusali njiani.