Uingereza inazima simu za waya wa shaba: Je, laini ya nyumbani bado inafaa kulipiwa?

Simu ya mezani ya nyumbani inaweza kukaa kimya wiki nzima, na siku ikilia ni mtu anayeuza kitu au tapeli. Bili nayo haikosi kuja. Kwa familia nyingi Uingereza, kuikata au kuiacha lilikuwa suala la pesa tu. Sasa suala hilo lina tarehe.

Ifikapo Januari 31, 2027, mtandao wa zamani wa simu za waya wa shaba nchini humo unatakiwa uwe umezimwa. Mwanzoni ilikuwa iwe Desemba 2025, lakini Mei 2024 kampuni ya BT ilitangaza kuisogeza mbele tarehe hiyo. Tangu Septemba 2023 laini mpya za aina ya zamani haziuzwi tena. Anayetaka simu ya mezani leo anapewa inayopita kwenye intaneti: simu inachomekwa nyuma ya ruta, namba inabaki ileile, maisha yanaendelea.

Uamuzi huo si wa serikali, ni wa kampuni zenyewe. Sababu zao zinaeleweka. Mitambo imezeeka, vipuri ni vya kutafuta kwa tochi, na mafundi wanaoijua wanastaafu. Estonia na Uholanzi walishamaliza kazi kama hiyo. Kwa hiyo wachache wanabishana kama waya wa shaba uondoke. Ubishi upo kwenye kile kinachoondoka pamoja nao.

Umeme ndani ya waya

Waya wa shaba ulibeba sauti, na ulibeba pia umeme. Ni umeme mdogo, kama volti 50 hivi, unaotoka kwenye kituo cha simu ambako kuna betri kubwa na jenereta. Ndiyo maana mtaa mzima ukiwa gizani, simu ya mezani ya kawaida iliendelea kuita. Hakuna bili iliyowahi kuandika "umeme wa akiba", lakini mteja alikuwa anaulipia.

Faiba haibebi umeme. Ni nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Umeme wa nyumba ukikatika ruta inazimika, na simu iliyochomekwa humo inazimika nayo.

(Wenye zile simu za mezani zisizo na waya, zinazokaa kwenye chaja, hawakuwa na kinga hii hata zamani. Kitako chake kinategemea soketi ya ukutani. Wengi hugundua hilo gizani.)

Hatari yenyewe ilishaonekana. Novemba 2021 dhoruba iliyopewa jina Arwen iliacha karibu nyumba milioni 1 bila umeme, hasa Scotland na kaskazini mwa England. Maelfu walikaa gizani zaidi ya wiki. Minara ya simu za mkononi nayo ilizimika sehemu kadhaa, kwa sababu betri zake hazidumu muda mrefu. Machi 2022, baada ya malalamiko, BT ilisitisha kwa muda kuwahamisha wateja.

Kitufe cha shingoni

Wanaobeba uzito wa jambo hili ni wazee na wagonjwa wanaoishi peke yao. Serikali ya Uingereza inakadiria kwamba watu kama milioni 1.8 wanatumia vifaa vya kuomba msaada: kitufe kinachovaliwa shingoni au mkononi, ambacho kikibonyezwa kinapiga simu kwenye kituo cha huduma kupitia laini ya nyumbani. Bibi akianguka bafuni, hiyo ndiyo sauti yake.

Baadhi ya vifaa hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya waya wa shaba, na havielewani vizuri na laini ya intaneti. Desemba 2023, baada ya matukio mazito ya vifaa kushindwa kufanya kazi, serikali na kampuni kubwa za simu zilikubaliana kwamba mteja mwenye kifaa cha aina hii asihamishwe bila kuhakikishwa kwamba kinafanya kazi.

Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano, inataka mteja anayetegemea laini ya nyumbani apewe njia ya kupiga 999 kwa angalau saa 1 umeme ukikatika. Kwa kawaida hiyo ni betri ya ziada, bila malipo kwa wanaostahili. Saa 1 inatosha kwa hitilafu ndogo ya mtaani. Kwa dhoruba kama Arwen haifiki popote.

Nani alipe, nani akate?

Hapa hesabu inabadilika. Aliyekuwa analipia laini ya mezani "kwa ajili ya dharura" alikuwa na hoja nzuri. Akishahamishiwa kwenye intaneti, hoja hiyo imepungua nguvu, hata kama simu iliyo mezani ni ileile. Analipia namba na mazoea.

Kwa nyumba yenye mtandao mzuri wa simu za mkononi, simu mbili au tatu na power bank iliyojaa, ni vigumu kutetea malipo ya laini ya sauti. Simu ya mkononi yenye chaji itafanya kazi pale ruta iliposhindwa, mradi mnara uko hai. Zamani Uingereza ilikuwa lazima kulipia laini ya simu ndipo upate intaneti. Kwa faiba sharti hilo halipo, lakini kuna watu bado wana kifurushi chenye simu kwa sababu tu hawajawahi kuuliza.

Wa kubaki nayo wapo. Yumo anayeishi bondeni ambako simu ya mkononi inashika mtandao dirishani tu. Yumo mwenye kitufe cha shingoni ambacho hakijabadilishwa, na mzee anayeweza kupiga simu ya vitufe vikubwa lakini simu janja inamshinda. Kwake kipimo cha haki si idadi ya simu anazopiga kwa mwezi.

Marekani wanabishana kuhusu jambo hilohilo. Juni 2024 wadhibiti wa California walikataa ombi la AT&T la kuondolewa wajibu wa kutoa laini kwa yeyote anayeihitaji. Watu wa maeneo ya milimani na yenye moto wa misitu walipinga kwa nguvu, na wana kumbukumbu: Oktoba 2019 umeme ulipozimwa kwa makusudi kuzuia moto, zaidi ya nusu ya minara ya simu kaunti ya Marin ilizimika.

Kwa msomaji wa Dar au Nairobi

Afrika Mashariki nyumba nyingi ziliruka hatua hii. Waya wa TTCL au Telkom Kenya ulifika kwa wachache, wezi wa nyaya wakaupunguza, kisha simu ya mkononi ikamaliza mchezo. Namba za 022 na 020 zimebaki zaidi maofisini, ambako bado zinampa mteja imani kwamba kampuni ina mlango na kiti.

Lakini faiba sasa inaingia majumbani huku pia, na mahali pengine inauzwa pamoja na laini ya sauti. Nyumba yenye umeme wa kukatikakatika itafaidika zaidi na betri ndogo ya kuiwasha ruta, ile ambayo wengi wameshaanza kuinunua, kuliko laini ya pili itakayozimika pamoja na taa.

Wenye mzazi au ndugu Uingereza wana kazi ya kufanya kabla ya Januari 2027. Wajue kama ana kifaa cha dharura na kama kampuni yake ya simu inajua hilo. Wamwombe ajaribu kupiga kwa simu ya mkononi akiwa chumbani na bafuni, si dirishani tu, huku Wi-Fi ikiwa imezimwa ili jibu liwe la kweli.

Akiamua kukata, namba ihamishiwe kwanza kwenye huduma nyingine wakati laini bado iko hai. Ikishakatwa, kuipata tena namba hiyo huwa vigumu, na ndiyo iliyoandikwa benki, hospitali na kwenye daftari la kila ndugu aliyewahi kumpigia.