Nenosiri la Ofisi Halina Mwenyewe

Mwaka 2015, sakata ya shilingi milioni 791 ilipoikumba Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), afisa mmoja alijitetea kuwa nenosiri lake la mfumo wa malipo ya serikali, IFMIS, lilitumiwa na wengine bila yeye kujua. Tusihukumu kama alisema kweli. Tujiulize mbona utetezi huo uliwezekana. Nenosiri ni maneno tu. Akilijua mwingine, kompyuta haimtofautishi mwenyewe na mwizi.

Twende Keringet, Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, nchi ya chai, viazi na maziwa. Ofisi yoyote inayohesabu kilo au lita kwa kompyuta imeshika jasho la mkulima. Karani akienda likizo na kumwachia mwenzake nenosiri, au likibandikwa ukutani, siku kilo zikipungua ataulizwa nani? Mwizi anaweza kupona, na asiye na hatia akafutwa.

Njia nyingine ipo. Mei 2022, Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kupanua matumizi ya ufunguo wa kidijitali unaokaa ndani ya simu au kompyuta. Mtumiaji huufungua kwa alama ya kidole, uso au PIN, na hivyo havitumwi kwenye tovuti anayoingia. Tapeli akitengeneza tovuti bandia hapati kitu, kwa kuwa ufunguo huitikia tovuti halisi pekee.

Wapo watakaosema vidole vya mchuma chai vimechakaa, havisomeki. Kwa wengine ni kweli, ndiyo maana PIN ya kifaa isiondolewe. Simu ikipotea je? Kila mfanyakazi asajiliwe funguo mbili. Na gharama ni ya mwajiri. Si haki karani mwenye kabambe alazimishwe kununua simu janja ili aingie kazini, ilhali kuna vifunguo vidogo mfano wa flashi.

Tuanze na wanaoidhinisha malipo, kisha wengine wafuate, Keringet na huku kwetu Pwani pia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Sisi Waislamu huiita amana, na amana lazima ijulikane iko mikononi mwa nani. Nenosiri la watu watano haliwezi kutuambia hilo.