MSIWACHEKE WAKAAO ZIZINI

Huku Soin kuna nyumba moja ya mawe ambayo zamani ilikuwa zizi la farasi wa setla. Leo mnaishi watu, na watoto wao ni wanafunzi wenzetu. Wapo wanaowaita "punda" wakipita langoni. Jamani, mzaha huu si haki, tena ni wa watu wasiojua historia.

Zizi hilo nimeliingia. Kuta ni za mawe ya kuchonga, nene ajabu. Pete za chuma za kufungia farasi zingali ukutani. Moja imetundikwa sare ya shule. Vyumba vya farasi vimekuwa vya kulala, na hori la kulishia sasa ni rafu ya sufuria. Sakafu imeinama kidogo kuelekea mfereji, kwa hiyo meza imetiwa kibao mguu mmoja. Kasoro kubwa ni giza. Madirisha yalikuwa madogo, tena juu, ikabidi kuta zitobolewe. Fundi alitoa jasho!

Sasa fikirini. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie setla kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kukaa shambani. Naye alikaa wapi? Katika kibanda cha udongo na nyasi alichojijengea mwenyewe. Farasi alipewa mawe na mabati. Mpango wa kugawa ekari milioni moja za masetla ulipoanza mwaka 1962, Mwafrika aliyehamia katika zizi kama hili alikuwa amepanda cheo, hakushuka!

Kule London, mazizi yaliyokuwa nyuma ya majumba ya matajiri yamegeuzwa nyumba za kuishi, na bei zake hazishikiki. Nani huwacheka wenyewe? Hata Nairobi, ofisi ya Mkuu wa Mkoa iliyojengwa mwaka 1913 haikubomolewa, bali imefanywa jumba la sanaa.

Nasema haya kwa kuwa kijana mmoja wa boma hilo amechoka kuchekwa, anataka zizi livunjwe na mawe yauzwe. Gogo mwenye nyumba amekataa katakata. Mimi niko upande wa Gogo. Dirisha liongezwe, sawa, lakini pete zising'olewe. Nao wanachama wetu waende wakaandike anayoyakumbuka. Amekubali tuje Jumamosi, ila tusije wote mara moja, maana sebule yake ni ya farasi wawili tu.